Kimya kingi kwenye ramani ya tetemeko

Ardhi ikitikisika, ramani ya rangi huchorwa hata kabla vumbi halijatua. Je, ramani hiyo husema kweli? Na wewe uliyetikiswa una sehemu gani ndani yake?

HUENDA unaukumbuka usiku wa Jumatano, Agosti 12, 2020. Zilikuwa siku za Korona, na wengi wetu tulikuwa tumekwisha kurudi nyumbani mapema kwa kuogopa kafyu. Ilikuwa yapata saa mbili na robo. Pengine ulikuwa Mombasa ukingoja chakula cha jioni, au ulikuwa Nairobi katika ghorofa ya nne ukitazama televisheni. Mara kiti kikakusukuma kidogo, kana kwamba mtu aliyepita kwa haraka amekigonga kwa goti. Glasi zikagongana kabatini. Taa ya darini ikaanza kuyumba. Ukatazamana na wenzako, na kila mmoja akauliza swali lile lile: "Umesikia?"

Ardhi ilikuwa imetetemeka chini ya Bahari Hindi, kusini mashariki ya Dar es Salaam, kwa ukubwa wa karibu 6. Wewe ulianza kupiga simu: kwa mama, kwa kaka, kwa rafiki aliye Tanga. Ulitaka kujua kama wako salama.

Kuna wengine pia waliotaka kujua, ila wao hawakupiga simu. Tetemeko la kiasi hicho likitokea popote duniani, kompyuta za Shirika la Jiolojia la Marekani huanza kuchora ramani. Aghalabu haipiti nusu saa kabla ramani haijatoka. Jina lake ni ShakeMap, yaani ramani ya mtikisiko. Palipotikisika kwa uchache hupakwa rangi ya samawati, palipozidi hupakwa kijani na manjano, na palipo na hatari kubwa hupakwa rangi ya machungwa na hatimaye nyekundu.

Ni ramani nzuri kuitazama. Lakini hebu jiweke katika nafasi ya mtu mwingine. Wewe ndiwe mkuu wa kikosi cha uokoaji. Una malori matatu, madaktari sita na helikopta moja. Miji ishirini imetikisika, simu zimekatika na jua linakaribia kuchwa. Kuna watu chini ya vifusi, na unajua kwamba wengi wanaotolewa wakiwa hai hutolewa katika siku ya kwanza. Mbele yako ipo karatasi moja tu: ramani ile ya rangi. Ukiifuata nayo ikawa imekosea, utakuwa umepeleka helikopta pale ambapo zimevunjika sahani, na kuwaacha wale walioangukiwa na nyumba.

Hapo ndipo swali letu la leo linapopata uzito. Ramani ya tetemeko yaweza kuaminiwa kwa kiasi gani?

Ukubwa si ukali

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Unaposikia redioni kwamba tetemeko lilikuwa la "ukubwa wa 6.7", hiyo ni nambari moja kwa tetemeko zima. Inapima nguvu zilizotoka pale mwamba ulipopasuka. Haikuambii nyumbani kwako kulitikisika vipi.

Chukua mfano wa ngoma ya harusi. Mpigaji ni mmoja na ngoma ni moja. Aliyesimama kando yake huisikia kifuani. Aliye mtaa wa pili huisikia kwa mbali. Aliyelala nyuma ya ukuta mnene huenda asiisikie kabisa. Nguvu za mkono wa mpigaji ndizo ukubwa. Kile kinachofika sikioni mwako ndicho ukali.

Ukali hupimwa kwa ngazi iliyopewa jina la Mtaliana Giuseppe Mercalli, aliyetoa yake mwaka wa 1902 na ambayo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Leo ina vidato 12. Katika kidato cha pili, tetemeko husikiwa na watu wachache waliotulia, hasa walio katika ghorofa za juu. Katika cha tano, karibu kila mtu hulisikia, waliolala huamka na vyombo vingine huanguka. Katika cha saba, nyumba zilizojengwa vibaya huharibika sana ilhali zile imara huponea chupuchupu. Katika cha tisa, hata majengo yaliyojengwa kwa utaalamu huumia. Ramani ya mtikisiko basi ni ramani ya ukali, si ya ukubwa.

Faida yake ilidhihirika mapema huko California, ambako ramani hizi zilianza kuchorwa katika miaka ya 1990. Januari 17, 1994, tetemeko la ukubwa wa 6.7 lilipiga Northridge, ndani ya mitaa ya Los Angeles, na watu zaidi ya 50 wakafa. Oktoba 16, 1999, likaja jingine kubwa kuliko hilo, la 7.1, ambalo liliitwa Hector Mine. Watu wa Los Angeles waliamshwa usiku wa manane kwa hofu. Lakini ramani ilionyesha kwamba ukali wote ulikuwa umeishia katika jangwa la Mojave, mahali pasipokaa watu. Hapakuwa na haja ya kutawanya vikosi kila upande. Na kweli, hakuna aliyekufa.

Siku hiyo ramani ilisema kweli. Lakini si kila mahali ni California.

Mafiga matatu

Ili ujue ramani yaweza kukosea wapi, ni lazima ujue inavyopikwa. Chungu chake kimekaa juu ya mafiga matatu.

Figa la kwanza ni vyombo. Hivi ni vipimo vilivyofukiwa au kufungwa mahali maalumu, na hupima jinsi ardhi inavyokwenda huku na huko. Penye chombo pana ushahidi. Lakini ushahidi huo haufiki mbali. Chombo kilichoko Thika hakiwezi kutoa habari za kuaminika kuhusu ukali uliopiga Machakos. Baada ya kilomita kumi hivi neno lake huanza kupungua uzito.

Figa la pili ni watu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika hilo la Marekani limekuwa likiwauliza watu kwa njia ya intaneti: Je, ulilisikia? Ulikuwa wapi? Uliamka? Vitu vilianguka? Kuta zilipata nyufa? Majibu hugeuzwa kuwa kidato kwenye ngazi ya Mercalli. Unaweza kudhani kwamba watu hutia chumvi, na ni kweli wapo wanaotia. Lakini majibu mengi ya mahali pamoja yakichukuliwa kwa wastani, wataalamu wamegundua kwamba hukaribiana sana na vipimo vya vyombo.

Figa la tatu ni hesabu. Pale pasipo na chombo wala mtu aliyejibu, kompyuta hukisia. Huchukua ukubwa wa tetemeko, umbali kutoka mahali lilipotokea na aina ya ardhi, kisha hutumia kanuni zilizotokana na matetemeko ya zamani na kusema: hapa huenda palitikisika kiasi hiki.

Sasa sikiliza vizuri. Kanuni hizo, hata zikiwa bora namna gani, hazitoi jibu kamili. Si ajabu mtikisiko halisi ukawa nusu ya ule uliokisiwa, au ukawa maradufu yake. Kwenye ngazi ya Mercalli hiyo ni tofauti ya kidato kizima hivi, kwenda juu au kushuka chini. Kidato kimoja ndicho kilicho kati ya ukuta ulioota ufa na ukuta ulioanguka.

Na kosa laweza kuwa la upande wowote. Mnamo Aprili 25, 2015, Nepal ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.8 na watu karibu 9,000 wakafa. Kulingana na hesabu, bonde la Kathmandu lilitarajiwa kutikisika vibaya zaidi kuliko lilivyotikisika. Ardhi ya mji huo iliyumba polepole, mithili ya mashua kwenye mawimbi marefu. Mnara wa Dharahara ulianguka pamoja na mahekalu ya kale, lakini nyumba nyingi fupi zilizohofiwa kuporomoka zilibaki zimesimama. Ilhali huko milimani, vijiji vizima vilikuwa vimelala chini.

Kumbe chungu kinaweza kusimama hata kama figa moja ni dogo. Tatizo ni pale mafiga mawili yanapokosekana kabisa, na chungu kikabaki juu ya lile la hesabu peke yake.

Nukta iliyokuwa mstari

Chanzo kingine cha makosa ni haraka. Katika dakika za mwanzo kompyuta hujua nukta moja tu: mahali mwamba ulipoanza kupasuka. Kwa tetemeko dogo nukta hiyo yatosha. Kwa tetemeko kubwa haitoshi, kwa sababu mwamba haupasuki mahali pamoja. Hupasuka kama kanga inavyochanika: mkono huanza kwenye pindo moja, na mpasuko ukakimbia hadi pindo la pili.

Mei 12, 2008, saa nane na dakika 28 alasiri, watoto wakiwa madarasani, mwamba ulianza kupasuka katika wilaya ya Wenchuan, mkoani Sichuan nchini Uchina. Ukubwa ulikuwa 7.9. Jina la Wenchuan likaenea duniani kote, na mpaka leo tetemeko hilo laitwa kwa jina hilo. Lakini mpasuko haukukaa Wenchuan. Ulikimbia kuelekea kaskazini mashariki kwa zaidi ya kilomita 200. Njiani mwake ulikuwapo mji wa Beichuan, uliojibana kati ya milima, zaidi ya kilomita 100 kutoka ile nukta.

Ramani ikichorwa kwa nukta, Beichuan iko mbali. Ikichorwa kwa mstari wa ufa, Beichuan iko juu ya ufa wenyewe. Mji huo uliangamizwa kiasi kwamba haukujengwa tena. Magofu yake yameachwa yalivyo yawe ukumbusho, na mji mpya ukajengwa mahali pengine. Kwa jumla watu waliokufa katika tetemeko hilo walikuwa karibu 69,000, na wengine wapatao 18,000 hawakupatikana.

Kwa sababu hiyo ramani ya mtikisiko huchorwa tena na tena. Ya kwanza hufuatwa na ya pili, ya tatu, pengine ya kumi, kadiri habari mpya zinavyoingia. Mtu anayeshikilia ile ya kwanza kwa siku mbili ni kama msafiri anayengojea basi kwa kutazama ratiba ya mwaka jana.

Udongo nao una lake

Tusisahau kile kilichoko chini ya msingi wa nyumba. Mwamba mgumu hutikisika kidogo na kutulia. Udongo laini uliojaa maji hutikisika kama uji ndani ya bakuli uliloligonga.

Watu wa Mexico wanalijua hilo kwa uchungu. Septemba 19, 1985, tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea kwenye pwani ya Michoacán, zaidi ya kilomita 350 kutoka jiji la Mexico. Huo ni umbali unaopita safari ya kutoka Nairobi hadi Voi. Ungedhani jiji lingepona. Lakini sehemu kubwa ya jiji hilo ilijengwa juu ya tope la ziwa lililokaushwa. Katika jiji lile lile, siku ile ile, chombo kilichokuwa juu ya tope kilipima mtikisiko mara nne au tano ya ule uliopimwa kwenye mwamba. Maelfu ya watu walikufa, wengi wao katika majengo ya ghorofa kati ya sita na kumi na tano, kwa kuwa kuyumba kwa majengo ya kimo hicho kulilingana na kuyumba kwa tope.

Ramani yenye kuaminika basi inahitaji kujua udongo wa kila mtaa. Nchi chache ndizo zilizochimba na kupima kila mahali. Kwingineko, wataalamu hutumia ujanja: hutazama mwinuko wa ardhi kwa picha za kutoka angani. Penye mteremko mkali huhesabiwa kuwa na mwamba; penye tambarare huhesabiwa kuwa na udongo laini. Mara nyingi ujanja huu hufaulu. Lakini mahali ambapo volkano za kale zilimwaga lava ikatandazika na kuganda, tambarare yaweza kuwa mwamba mtupu. Msomaji, unajua vizuri ni sehemu ngapi za nchi yetu zilizotandikwa na volkano namna hiyo. Na unajua pia kwamba hatua chache kutoka kwenye mwamba huo unaweza kukanyaga udongo mweusi unaokwama kwenye viatu hadi ukashindwa kutembea. Picha kutoka angani huenda isitofautishe viwili hivyo.

Kimya kingi kina mshindo mkuu

Sasa tufike kwenye kosa baya kuliko yote, kwa maana halionekani kuwa ni kosa.

Januari 17, 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, mji wa Kobe nchini Japani ulitikiswa na tetemeko lililoua watu zaidi ya 6,400. Wajapani ni watu waliozoea matetemeko, na hata wakati huo televisheni yao ilikuwa ikitangaza ukali wa kila mji dakika chache baada ya tetemeko. Alfajiri hiyo matangazo yakaanza kama kawaida. Mji wa Kyoto ulitajwa. Miji mingine jirani ikatajwa. Katika matangazo ya kwanza kabisa jina la Kobe halikuwamo.

Halikuwamo kwa sababu habari za kituo cha Kobe hazikufika. Mawasiliano yalikuwa yamekatika. Mtazamaji wa Tokyo aliyetazama orodha ile angeweza kudhani kwamba tatizo liko Kyoto, kumbe Kyoto ilikuwa imeguswa kwa pembeni tu. Mji ambao haukusema neno ndio uliokuwa ukiungua. Waziri Mkuu Tomiichi Murayama mwenyewe alizipata habari hizo kwa televisheni kama raia wengine. Huko Kobe, watu waliookolewa asubuhi hiyo wengi walifukuliwa na jamaa na majirani zao kwa mikono mitupu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sidhani kama walikuwa wakifikiria matetemeko ya ardhi, lakini hakuna methali inayolieleza jambo hili vizuri zaidi.

Hali hiyo hutokea pia kwa majibu ya watu. Tetemeko kubwa likipiga, majibu humiminika kutoka miji iliyo mbali kidogo, ambako watu wameshtuka lakini wana umeme na simu. Kutoka katikati, pale palipoharibika, hakuna anayejibu. Nani atakaa chini kujaza fomu kwenye simu ilhali mwanawe yuko chini ya dari? Matokeo yake ni ramani yenye tundu katikati, mfano wa mkufu: duara la habari likizunguka mahali pasipo na habari. Mtu asiyejua atasema, "Hapo katikati ni salama, hakuna aliyelalamika." Mtu anayejua atapeleka helikopta hapo hapo katikati.

Japani ilijifunza. Katika mwaka wa 1996 ilikuwa imesimika vyombo vipya 1,000 nchi nzima, kila kimoja kikiwa kilomita 20 au 25 kutoka kwa mwenzake, ili pasiwe tena na mji unaoweza kunyamaza peke yake. Haiti haikuwa na bahati hiyo. Januari 12, 2010, tetemeko la 7.0 lilipobomoa Port-au-Prince na kuua watu zaidi ya laki moja, hapakuwa na chombo hata kimoja mjini kilichorekodi mtikisiko huo mkubwa. Ramani iliyotoka ilikuwa hesabu na makisio, basi.

Huku kwetu je?

Sisi tunakaa kwenye Bonde la Ufa, na jina lenyewe latosha kuwa onyo. Januari 6, 1928, Subukia ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa kuliko yote yanayojulikana kuwahi kutokea humu nchini tangu vipimo vianze. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita zipatazo 38. Hapakuwa na ramani ya rangi wakati huo. Lakini mwaka wa 1991, zaidi ya miaka 60 baadaye, Profesa Nicholas Ambraseys wa Chuo cha Imperial, London, alichapisha uchunguzi wake kuhusu tetemeko hilo. Alitegemea nini? Alitegemea maandishi ya watu wa siku zile: wapi bomba la moshi lilianguka, wapi ukuta uliota ufa, nani aliamka na nani hakuamka. Aliyeandika maneno mawili mwaka wa 1928 alikuwa akichora ramani bila kujua.

Karibu nasi zaidi kwa wakati, Jumamosi ya Septemba 10, 2016, tetemeko la 5.9 liliwapata ndugu zetu wa Kagera, Tanzania. Lilisikika Uganda, Rwanda na hata magharibi mwa Kenya. Kwa hesabu za dunia hilo ni tetemeko la wastani. Lakini mjini Bukoba na vijijini nyumba ziliporomoka, watu zaidi ya 15 wakafa na mamia wakajeruhiwa. Hapa tunapata somo jingine: hata ramani isiyo na kosa huonyesha mtikisiko, haionyeshi nyumba. Rangi ya manjano juu ya mji wa chuma na zege si sawa na rangi ya manjano juu ya kijiji cha matofali ya udongo.

Vyombo vya kupima vipo, lakini ni vichache. Humu nchini kituo kinachojulikana zaidi duniani ni cha Kilima Mbogo, karibu na Thika. Kinafanya kazi nzuri ya kusikiliza dunia nzima. Lakini kituo kimoja, au hata vichache, haviwezi kusema Nakuru kulitikisika vipi, Homa Bay vipi na Lamu vipi. Maana yake ni kwamba tetemeko kubwa likitokea kwetu kesho, ramani ya nusu saa ya kwanza itakaa zaidi juu ya figa la hesabu. Na figa la pili, lile la watu, ndilo pekee ambalo wewe na mimi tunaweza kuliongeza bila kungoja bajeti ya serikali.

Ukiiona ramani, uliza

Siku utakapoiona ramani kama hiyo gazetini au kwenye simu, usiikatae na wala usiimeze nzima. Iulize maswali manne.

La kwanza: ilichorwa saa ngapi? Tazama saa na nambari ya toleo. Ya saa moja baada ya tetemeko si sawa na ya kesho yake.

La pili: ina mashahidi wangapi? Kwenye ramani hizi vituo vya vyombo huonyeshwa kwa alama za pembe tatu, na majibu ya watu kwa viduara. Penye pembe tatu na viduara vingi, amini zaidi. Penye rangi tupu, jua kwamba ni makisio, nayo yaweza kukosea kidato kizima.

La tatu: wapi pako kimya? Kama miji yote ya kandokando imetoa habari na mmoja wa katikati haujasema kitu, usipumue. Uliza habari za mji huo kwanza.

La nne: nyumba za huko ni za aina gani? Hilo ramani haitakujibu. Wewe unayepajua kwa shangazi yako ndiye mwenye jibu.

Na ardhi ikikutikisa wewe mwenyewe, jikinge kwanza, hakikisha watoto wako salama, saidia jirani. Baada ya hapo, kama una mkono na nafasi, andika. Ilikuwa saa ngapi? Ulikuwa ghorofa ya ngapi, umelala au umesimama? Ni nini kilichoanguka? Ukuta una ufa, na ufa huo unaingiza kidole? Kama una intaneti, jaza fomu. Kama huna, mwambie mwenye nayo, au chifu, au mwalimu wa shule iliyo karibu. Na kama hukusikia kitu, andika pia kwamba hukusikia. Asiyesikia ni shahidi vile vile. Huonyesha mtikisiko uliishia wapi.

Ule usiku wa Agosti 2020, Wakenya wengi waliuliza "Umesikia?" wakacheka kwa wasiwasi, wakarudi kwenye chakula. Ni wachache waliomwambia mtu mwenye kalamu. Hapakuwa na hasara kubwa usiku huo. Lakini mkuu wa uokoaji mwenye helikopta moja, siku atakapohitaji kuchagua kati ya miji ishirini, atakuwa akitazama ramani iliyochorwa na wale waliosema. Basi wewe usinyamaze.